Chokaa Ilikauka

Nilikuwa na ndoo mkononi, chokaa mbichi,
na njia ya kwenda kwenye zidaka ilipita mbele yake.
Nikasimama. Kwetu hatukati mbele ya mtu anayeswali;
kwao sikujua vipi,
lakini mguu ulikataa wenyewe.

Mzee Saadia, mpangaji wa ghorofa ya juu hapa Mkomani,
aliyezaliwa Aden na kuzeekea mbali,
aliukabili ukuta nilioupaka juzi,
nyayo amezibana, kisigino kwa kisigino,
kama mtu aliyeumbwa na mguu mmoja.
Midomo ilikwenda. Sauti haikutoka.

Goti lililegea kidogo, mgongo ukainama
pingili baada ya pingili, mnyororo ukishushwa kisimani,
kisha akanyooka taratibu, kichwa mwisho.

Paka wa jirani, yule wa sikio lililochanika,
akaja kujisugua kwenye vifundo vyake,
akazunguka, akauma upindo wa suruali.
Mzee hakutazama chini.
Nami bega likiniwaka
nikiusikia ule uji ndani ya ndoo
unageuka jiwe.

Mwishowe akarudi nyuma hatua tatu, wa kushoto kwanza,
akainamia kushoto, akainamia kulia, kisha mbele,
kama anayeaga watu watatu mlangoni.

"Mbona kinyumenyume?"
"Nani humpa mgongo aliyekuwa akizungumza naye?"
Akaniambia wakiwa kumi kuna mahali
huinua visigino mara tatu,
kama watoto wanaochungulia dirisha la juu.
"Hapa niko mmoja. Visigino vyangu havina kazi."

Tukapima kibla. Chake Yerusalemu, changu Makka,
vyote kaskazini, na kwenye ukuta ule
viliachana shibiri moja. Niliipima kwa kiganja changu,
bado kina chokaa.
"Na sisi tulianzia hapo kwako," nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.

Fundi Bwanaheri alinikata ujira wa ndoo nzima.
Sikubishana.

Usiku nilipita kwa mama,
mwezi wa tatu huu yuko kitandani.
Nikamfunika miguu, nikapunguza utambi wa taa,
nikatoka: moja, mbili,
ya tatu kisogo kikagonga mwimo wa mlango.

"Umesahau n'ni?" akauliza gizani.

"Sijasahau kitu, mama."