Maungamo ya Zamu ya Usiku

Padre, ni wiki tisa tangu niungame.
Nimemjibu mama jeuri.
Nimekula korosho za watu, konzi mbili, zilizokwisha kubanguliwa,
na sadaka ya Jumapili moja iligeuka vocha.
Hayo madogo nimeyatanguliza
kama anayepima kina cha mto kwa fimbo.

Kubwa ni la Jumanne.
Hapa Nyangao, wodi ya wanawake, kitanda cha saba,
Bi Somoe Mnali wa Mtama,
kifua kikimchemka kama chungu cha mihogo
kilichosahaulika jikoni.
Mvua siku ya nne.
Mwanawe yuko Mchinga, maji yamekata barabara,
akanipigia: “Dada nesi,
kuna Mwislamu yeyote hapo karibu?”

Nikahesabu.
Mlinzi, Msabato.
Daktari wa zamu, Mlutheri wa Makete.
Sista Ludgera amesinzia, rozari mkononi.
Na mimi, Edeltruda,
jina ambalo bibi yangu hadi leo
analitamka “Etelutula.”

“Basi mshike wewe. Asiende kimya.
Mwambie yale maneno...”
Mtandao ukakata hapo hapo.

Maneno nilikuwa nayo, Padre.
Tulipanga Lindi mjini, ukuta mmoja
na chuo cha Maalim Chande.
Niliosha vyombo miaka sita upande huu wa ukuta
nikahifadhi bila kujua kwamba nahifadhi.
Na watoto wale nao walijua Salamu Maria,
maana mama akisali
husali kwa sauti ya kuuzia samaki.

Nikainama sikioni mwake.
Msalaba sikuuvua. Niliusukuma ndani ya sare
usimguse shavu; chuma kina baridi.
Nikasema, la ilaha,
nikangoja,
illa Llah,
na midomo yake ikanifuata
kama mkono unaopapasa ukuta kutafuta swichi ya taa.

Nusu ile ya kwanza haikunipa shida.
Hakuna mungu ila Mungu:
hata katekista wetu angeipigia mstari.
Nusu ya pili, ile ya Mtume, ulimi ulisita.
Nikaisema vilevile,
kama unavyombebea mwenzio mzigo hadi stendi.
Mzigo si wako,
ila bega lako linaujua uzito wake.

Mara tatu tukasema pamoja.
Ya nne aliisema peke yake.
Ya tano sikuisikia.

Bibi yangu, kule Rondo, angemwaga unga wa mtama
chini ya msolo, akawataja waliotangulia
mmoja mmoja, wampokee mgeni.
Ninyi mlimkataza. Akakubali.
Tangu hapo, kila msiba,
unga humponyoka kwa bahati mbaya,
na daima humponyoka pale pale.

Nilimfumba macho Bi Somoe.
Tasbihi yake ilikuwa imezama katika kiganja;
nilipoitoa, vidole vyangu vikaanza vyenyewe kuhesabu.
Vimezoea kumi, kisha kituo, Baba Yetu.
Vikapita kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Havikupata kituo, Padre,
wala havikuogopa.

Kijana alifika Alhamisi, tope hadi magotini.
Hakuuliza saa wala ugonjwa.
“Alisema?”
“Alisema.”
Akakaa sakafuni, pale pale mlangoni,
watu wakamruka na mabeseni yao.

Sasa nimepiga magoti, mvua bado iko batini,
na najua hapa ndipo pa kusema najuta.
Nimetafuta, Padre. Nimejipekua
kama mtu aliyepoteza tiketi, mfuko kwa mfuko.
Majuto niliyoyapata
ni ya korosho.

Nipe kitubio cha hizo.