Bega la Kulia

Fundi Almasi wa Ng'ambo alimpima babu mara mbili,
akafuta chaki, akampima tena,
kisha akasema: Mzee, kanzu yako
itabidi niishone imeinama, ama sivyo haitakaa.
Bega la kulia lilikuwa chini vidole vitatu.
Katika madaftari yote ya posta ya Tabora
hilo ndilo pekee ambalo mchwa hawakulila.

Lilianza jepesi.
Siku za Mdachi mfuko ulibeba barua tisa, pengine kumi,
za Wazungu kwa Wazungu:
habari za pembe, za homa, za mke aliyebaki kwao.
Lugusha wa Misigalo hakujua alifu wala be.
Alijua lakiri tu, nyekundu, kavu;
ikipasuka njiani, hamsa ishirini.
Basi porini alilala na mfuko
kama mzazi na kichanga chake,
ubavu mmoja, bila kujigeuza mpaka kuche.

Alilipwa rupia, na chenji yake hela.
Neno tunalo hadi leo, tunalikosa kila mwisho wa mwezi;
sarafu yenyewe ilikwenda na wenyewe.
Wakaja Wabelgiji. Wakaja Waingereza.
Mfuko ukabadilishwa muhuri,
kamba ikabaki ileile, begani palepale.

Watu walimwambia: reli imefika, sasa utapumzika.
Kweli, njia ya pwani ilimezwa na gari moshi.
Lakini gari moshi lilishusha magunia stesheni
likaondoka zake likipiga honi,
na magunia hayana miguu ya kwenda Sikonge.
Yeye alikuwa nayo.

Ndipo mfuko ulipoanza kunuka sisi.
Vijana waliokwenda mkonge, Korogwe, Ngomeni,
walimlipa mwandishi senti tano,
wakaanza wote kwa salamu nyingi kama mchanga wa bahari,
bahari ambayo mama zao hawakuijua.
Juu ya bahasha: *Kwa Mama Nzigula, Ipole,
nyumba ya pili ukivuka kijito, yenye mbwa mweusi.*
Mbwa alikwisha kufa. Babu alifika.

Karani Pereira alipima kwa mizani ya shaba,
babu alipima kwa shingo.
Zilipotofautiana, aliyerudia kupima ni Pereira.

Halafu vita vya pili, na barua za Bama.
Hizo zilikuja zimekatwa kwa mkasi,
tundu la mraba katikati ya maneno.
Mama Nzigula alimsikiliza mwalimu akisoma,
*tupo salama, tupo hapa*, na baada ya hapa, upepo.
Akaichukua karatasi, akaweka jicho kwenye tundu.
Akakaa hivyo muda mrefu.
"Mahali alipo mwanangu ni hapa walipopakata," alisema.
Babu alisimama mlangoni, kengele mkononi,
akaizuia ulimi kwa kidole isilie.
Miaka thelathini ya kubeba, na siku ile
ndiyo aliyouliza mara ya kwanza
barua ndani yake kuna nini.

Lori la posta lilipoanza safari za kusini
walimwita ofisini, akakabidhi vyao:
kengele moja, mkuki mmoja,
mkanda wa ngozi, umechakaa.
Vyote vikaandikwa. Akatia dole gumba.
Bega hawakulidai.

Kanzu ya Fundi Almasi nimeirithi mimi,
mjukuu mwenye mabega sawa, wa kukaa kitini.
Ijumaa nikiivaa, upande wa kulia
unaning'inia mtupu, kitambaa kimezidi.
Mke wangu anasema, ipeleke irekebishwe.
Nasema nitaipeleka.
Njiani kwenda msikitini najikuta nainama,
kidogo, kidogo tu,
mpaka ikae.