Ukurasa wa Nyuki

Machi, Kakuyuni. Mikorosho ilishachanua ikamaliza,
embe zimeliwa, kokwa zake zimekauka njiani,
na mvua ingali midomoni mwa watu.
Nauinua mzinga wa tatu kwa upande, kwa vidole viwili tu.
Mwepesi. Mwepesi kama ndoo iliyosahauliwa kisimani.

Nabandika sikio ubaoni.
Nyuki walioshiba huvuma kama cherehani;
hawa wananong'ona kama wagonjwa wodini.

Najua kosa ni la nani.
Januari Thoya alirudishwa nyumbani mara mbili,
nami nikawasha kumbi la nazi, nikapuliza moshi,
nikakata masega hadi yale ya ndani kabisa,
yale ambayo marehemu Ngumbao alikuwa akisema,
"Hayo si yetu."
Sikuacha kitu ila majana na aibu.
Karo ililipwa. Risiti ninayo, chini ya godoro.
Nyuki hawakupewa risiti.

"Sukari kilo mbili," namwambia Bawazir.
"Una harusi?"
"Nina nyuki."
Anacheka mpaka miwani inamshuka puani.
"Utamu uwapelekee nyuki? Mama Thoya,
kesho utabeba maji uyapeleke Sabaki!"
Lakini anapima. Anafungua daftari,
na mahali pa jina langu anaandika,
kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi za mafuriko:
*Nyuki. Kilo mbili. Deni.*

Usiku nachemsha maji, nayaepua,
ndipo namimina sukari. Isiungue;
iliyoungua huwaendesha.
Kilo kwa lita, nyepesi kama maji ya ua,
maana nataka malkia adanganyike,
adhani huko nje kumeshakuwa kuzuri,
aanze kutaga kabla ya masika.
Thoya anatazama sufuria, kisha kikombe chake.
"Mama, chai haina sukari."
"Ina tangawizi," namjibu.

Naenda giza likiingia, wakiwa wote ndani;
mchana harufu ingewaita wezi
kutoka mizinga ya akina Mbeyu.
Sinia nimelitandazia mabua ya mahindi
wapate pa kusimama, wasife maji ndani ya hisani.
Miguu ya mzinga imo kwenye makopo ya oili chafu
kwa ajili ya siafu, ambao nao wana njaa yao.
Wa kwanza anatoka. Ananidunga kifundo cha mkono.
Sawa. Haki yako.
Wa pili anateremsha ulimi.

Siku ya tatu. Ya sita. Ya kumi na moja.
Sinia linarudi kavu,
limelambwa hadi waridi lililochorwa chini yake
linaonekana upya, kama siku nililoletewa.
Daftari limefika kilo saba.
Bawazir hacheki tena. Anauliza,
"Wateja wangu hawajambo?"
na jioni moja anaongeza kiganja juu ya mizani
bila kukiandika popote.

Kisha usiku mmoja mabati yanapiga kelele hadi alfajiri.
Wiki mbili baadaye mwarobaini wa shuleni unachanua,
vijiua vyeupe vidogo, vya kujificha,
ambavyo ni pua tu inayoviona.
Nami nakuta sinia limejaa kama nilivyoliacha:
chungu mmoja anaelea,
sharubati imeanza kuchachuka.
Hawakugusa.

Nauinua mzinga kwa vidole viwili. Haunyanyuki.

Nasimama pale kidogo, sinia mkononi,
kama mama aliyeambiwa, "Nimeshiba,"
na mtoto ameshakimbilia kucheza.
Sharubati naumwagia mgomba.

Halafu napita dukani.
Namwomba Bawazir anisomee ukurasa wa nyuki,
wote, taratibu, asiruke tarehe.
Anasoma. Naitikia kila mstari.
Asali ya mwaka huu italipa, nusu yake tu;
ya ndani si yetu.
"Na robo kilo nyingine," namwambia, "ya chai.
Hiyo andika jina langu."