Kidonge cha Saa Moja Asubuhi

Jagoda ana miaka tisa na kiatu kimoja.
Cha pili kimo humu humu ndani,
tunakitafuta tangu Jumatatu.
Nje, Lodz imeganda. Tramu ya kwanza inasaga reli,
na mimi fundi wake naijua kwa mlio
ni ipi iliyochoka breki,
ila sijui nimeuweka wapi ufunguo wa nyumba.
Umo kwenye friji. Juu ya siagi.

Mama yangu, Genowefa, anafuma sweta jikoni.
"Enzi zetu," asema, "dawa ya utukutu ilikuwa mkanda."
Mkanda niliupata wa kutosha, mama,
na hesabu sikumaliza hata moja.

Daktari Wieczorek hakuwa na papara.
Alitupangia majina mezani kama mtu apangaye spana:
methilfenideti ya muda mfupi,
saa nne hivi, kisha inakwisha kama betri;
ile ya muda mrefu, ijifunguayo kidogo kidogo tumboni
mpaka kengele ya kutoka shule;
na atomoksetini, ya ukoo mwingine,
hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kubisha hodi.
"Na kutokunywa kitu nako ni uamuzi," alisema,
"nako kuna gharama yake."
Akampima kimo, uzito, shinikizo la damu,
akausikiliza moyo wake mara mbili.

Nikauliza: mtoto huyu asiyejua kiti ni cha nini,
unampa dawa ya kuchangamsha?
Petroli, kwenye moto?
Dawa ya moto ni moto, walisema waliotutangulia,
lakini yeye alisema, "Kilicholala ni breki.
Tunaiamsha breki."
Hapo nikamwelewa. Breki ndiyo kazi yangu.

Ila breki mpya hulia kabla haijazoea reli.
Wiki ya kwanza Jagoda alirudi na mkate wake mzima,
jibini limejikunja pembeni kama sikio.
Usiku alikodolea dari macho mpaka saa sita.
Na lililonikata maini ni hili:
aliketi dirishani, kimya,
asiniulize kwa nini njiwa hawana magoti.
Nikampigia daktari: ametulia, nikasema, ametulia mno.
"Hajatulia," akajibu. "Amezimwa. Tupunguze."

Tukapunguza.
Mayai mawili kabla ya kidonge,
supu saa mbili usiku, njaa inaporudi
kama mgeni aliyesahau kofia yake.
Mwalimu akaandika: leo amemaliza ukurasa.
Ukurasa mmoja! Niliubandika ukutani, umepinda.
Siku chache baadaye maswali yakarudi,
ila sasa anasubiri jibu.

"Na wewe, Bwana Bogumił?" daktari aliniuliza,
macho yake kwenye fomu niliyojaza nusu.
Miaka arobaini na mitatu.
Nyumbani baiskeli tatu bila minyororo,
barua za kodi zingali na gundi,
ndoa moja iliyokufa kwa "nisubiri kidogo."
Shinikizo langu likagoma kwanza;
ilibidi lishushwe, mwezi na zaidi,
ndipo nami nikaanza, dozi ya chini,
kinywa kikavu kama mfuko wa saruji.
Si muujiza. Ufunguo bado hupotea.
Lakini juzi nilifungua barua,
nikaisoma mpaka mwisho,
nikalia, mama akidhani kuna msiba.

Siku hizi ndiye anayetuwekea visahani viwili,
saa moja kamili, kimoja chake, kimoja changu.
Neno la mkanda halisemi tena.
Leo alichelewa kuondoka mezani.
Kabati lake limejaa mikono ya sweta,
mikono mitupu, isiyo na kiwiliwili hata kimoja;
tangu utotoni mwangu nilidhani ndivyo wafumavyo watu.
Akavingirisha uzi, akaufungua, akauvingirisha.
"Huyo daktari wenu," akasema, akiangalia sindano zake,
"mtu wa miaka sabini na mmoja
humpima?"