Chumvi Nyingi

Miaka thelathini na mmoja napiga migongo ya watu
na sijashitakiwa bado.
Kiganja unakikunja kama kata ya kuchotea maji,
hewa inabaki ndani, haiumizi,
pu, pu, pu,
kama mgeni abishaye hodi asiyekubali kuondoka
mpaka kohozi lifungue mlango.

Mimi Gobnait Twomey. Cork, ghorofa ya tatu,
dirisha linatazama mto Lee na maegesho ya magari.
Mvua hapa haina msimu. Ina zamu, kama sisi.

Mama yake Fiachra alijua kabla ya daktari.
Siku ya ubatizo alimbusu kwenye paji la uso,
akamwambia padri, "Mtoto huyu ana chumvi."
Padri akadhani anamsifu.
Kipimo cha jasho kikasema vingine:
sistiki faibrosisi, jina refu kuliko mtoto.
Mtu akizeeka husemwa amekula chumvi nyingi.
Huyu alikuja nayo yote mwilini,
miaka yake ikasahaulika njiani.

Niliwajua kwa vikohozi kabla ya nyuso.
Cha Fiachra kilipanda ngazi mbili mbili,
kikasimama katikati, kikasahau kilichokileta.
Cha Muireann kilikuwa kikavu juu, kisima chini.
Cha Donncha...
Donncha alikuwa na miaka kumi na tisa.
Namdai? La, yeye ananidai,
euro tano za dau la farasi.

Hawakuonana kamwe.
Vijidudu vya huyu ni sumu kwa yule,
basi kila mmoja chumba chake, saa yake,
na mimi katikati nabadili aproni,
naosha mikono hadi viwiko,
nabeba salamu, maana salamu haziambukizi:
"Mwambie wa chumba cha nne nilimsikia usiku.
Mwambie na mimi nilikuwa macho."
"Mwambie wa chumba cha pili tumefungwa kwa pointi moja,
na refa ni kipofu."
Miaka kumi na miwili ya urafiki,
na hakuna aliyejua nywele za mwenzake zina rangi gani.

Kisha vikaja vidonge.
Viwili asubuhi, kimoja jioni.
Wiki ya kwanza Fiachra alinipigia simu saa nane za usiku,
sauti imemkauka kwa hofu:
"Gobnait, kifua kimenyamaza. Ndiyo kufa huku?"
Nikamwambia, pumua nisikie.
Akapumua.
Sikusikia kitu.
Nikakaa kitandani nikalia kama mjinga.

Jana alikuja, ana arobaini na tatu,
tumbo limeanza kumtangulia.
Utoto wote tulimwambia: siagi, krimu, ongeza, ongeza,
na vimeng'enya kabla ya kila tonge.
Sasa mtaalamu wa lishe anamwambia apunguze mafuta.
Alicheka mpaka nikangoja kikohozi
ambacho hakikuja.
Halafu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Sina akiba hata senti.
Waliniambia kumi na minane, nikanunua pikipiki.
Pensheni ni kitu gani? Mtu anaanzia wapi?"
Sikujua.
Shule haikunifundisha wagonjwa wanaozeeka.

Lakini chumba cha pili yumo Sadhbh, miaka saba.
Kosa la jeni yake ni la peke yake,
vidonge havijui mlango wake ulipo.
Analala kifudifudi juu ya mto wa mshazari,
kichwa chini, soksi moja imemvuka,
mashine ya mvuke inakoroma pembeni.
Ameniuliza kama yule mzee wa pikipiki
ameacha salamu.
Ameacha. Amesema usiuze nafasi yako.
"Nafasi gani?"
Sikumuuliza, Sadhbh. Geuka kidogo.

Pu, pu, pu.
Natazama saa. Naacha.
"Mia mbili na tatu," anasema ndani ya mto.
"Jana zilikuwa mia mbili na kumi.
Unaniibia."

Nakunja kiganja.
Naongeza saba.