Vijiti Viwili Ukutani

Nilitia sahihi Jumanne, mvua ikinyesha,
dukani Aberystwyth, mbele ya kijana mwenye shati jeupe
na kalamu iliyofungwa mezani kwa mnyororo.
Miezi ishirini na minne, alisema,
kama anayetaja umri wa mtoto.
Akanionyesha ramani: bonde letu lote
limepakwa kijani, hadi zizini, hadi chini ya kitanda.

Nikamwamini. Kijani nakijua,
nimezaliwa ndani yake, nafuga kondoo juu yake.
Sikujua kuna kijani cha kuchorwa tu.

Nyumbani simu ikawa saa.
Saa nzuri, sina neno, na tochi inayo.
Jikoni hakuna kitu. Ghorofani, dirisha la bafu,
ukiinama upande kama anayechungulia ugomvi wa jirani,
kijiti kimoja huja, hutazama, huondoka.
Dada yangu Mererid, aliyelazwa kule Leeds,
hunifikia vipande vipande:
dakt... amesema... us...
Usijali? Usije? Usiku?
Nililala na silabi hiyo siku tatu.

Kila tarehe tano pesa zao hutoka benki.
Hizo hazijawahi kukosa mtandao.

Wahenga walisema ahadi ni deni.
Hawakunionya kwamba mwenye kuahidi atakuwa yeye
na mwenye kulipa, mimi.

Mahali pa kuongea ni pamoja tu: juu kule,
kwenye kona ya ukuta wa mawe,
mpaka wangu na Idwal Pugh.
Ukuta uleule uliotunyamazisha miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya hatua tatu za malisho
na kondoo dume mmoja, marehemu sasa.
Vijiti viwili. Ukipanda jiwe, vitatu.

Nikaipigia kampuni. Dakika arobaini,
muziki sikioni, mvua shingoni.
Nikasema nataka kuvunja mkataba, kwangu simu haishiki.
Binti akajibu kwa upole wa kufundishwa:
"Lakini mama, nakusikia vizuri kabisa."
Nikamweleza: niko mlimani, juu ya jiwe,
nimeshika tawi kama nyani.
Akaandika. Nilisikia anavyoandika.
"Tutakutumia namba ya siri kwa ujumbe.
Iingize kwenye kompyuta ya nyumbani
kabla ya dakika tano kwisha."

Toka ukutani hadi nyumbani, dakika kumi na nane.
Kwa mteremko. Bila kondoo njiani.

Mara nne nimekimbia, na miaka yangu sitini na miwili.
Mara ya nne niliangukia getini, uso topeni,
nikasikia mtu anacheka,
kisha nikasikia anaacha kucheka.
Idwal. Upande wake wa ukuta, simu mkononi,
kampuni ileile, mwezi wa tisa.

Tangu hapo tunakutana pasipo kukutana,
jioni, baada ya kulisha, kila mtu na mgongo wake.
Ukuta huzuia kondoo; maneno hayana sufu ya kunasa.
Hivyo najua mwanawe hatarudi kulishika shamba.
Najua Idwal alisema sawa, sawa, sawa,
akabaki ameshikilia simu iliyokwisha kukatika.
Naye anaijua damu ya Mererid,
namba zake, wiki iliyopanda, wiki iliyoshuka,
maana hapa juu ni lazima upige kelele
hata jambo ambalo ungelinong'ona.

Hatujasemezana.

Imebaki miezi saba.
Juzi nimekuta ubao juu ya tope, upande wangu,
ubao mpana wa mwaloni,
umepigiliwa wavu wa kuku usiteleze.
Misumari mipya. Mmoja umepinda, ukalazwa kwa nyundo.

Sikuuliza. Nilipanda, nikampigia Mererid,
na alipoanza na lile swali lake, unanisikia?
nikajibu kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji yeye:
"Nakusikia. Leo nimesimama pazuri."