Mche wa Sabuni

Lori la tatu limerudi Shimanzi saa nane usiku,
katoni elfu moja na mia mbili, mhuri ubavuni: IMEKATALIWA.
Sabuni imetoka jasho ndani ya karatasi ya dhahabu,
imepasuka kama kisigino cha hamali.

Tulikutana juu ya mapipa, maana viti vya ofisi
vilichukuliwa na benki Jumatatu.
Hasmukh wa hesabu akaanza: "Kuvunjika kwa koleo..."
"Twajua," Mwanakheri akamkata. "Koleo jipya bei gani?"

Hakuna aliyecheka.

Mimi ndiye niliyetaka dhahabu.
Mimi niliyesema mche mrefu wa buluu ni wa kina mama wa ndoo,
sisi sasa ni watu wa rafu, wa manukato, wa Nairobi.
Nikapunguza mawese, nikaongeza waridi.

Mwachiro wa jikoni hakutia neno.
Alizoa vipande vya aibu yangu, akaviyeyusha,
akarudisha mawese na magadi, akamimina kwenye kalibu kuukuu.
Siku ya tatu akaukata mche kwa waya wa gitaa,
vipande kumi, hakuna cha tajiri.
"Kongowea," akasema. "Shilingi ishirini. Bila karatasi."

Nimeandika ubaoni, chini ya mpango wa miaka mitano
ambao bado sijaufuta:
kesho, mikokoteni miwili.

Kisha nikanawa mikono kwa masalio.
Povu jingi.
Waridi bado lanukia, kwa mbali,
kama deni.